Mabomba ya maji moto yanagonga usiku kama mtu anapiga nyundo ukutani, naombeni msaada

MwanaNyumba

Wakuu habari za muda huu. Nina shida inaninyima usingizi na sa hivi naelekea mwezi wa pili, nitaeleza kwa urefu kidogo mnivumilie.

Nyumba ni ya ghorofa moja. Joto linatoka kwenye boila ya gesi iliyo kwenye kachumba chini, boila inapasha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba ya shaba mpaka kwenye redieta (vile vyuma vya kupasha chumba) za kila chumba alafu yanarudi. Kuna zoni mbili, ya chini na ya juu, kila moja ina termostati yake (kile kifaa kinachowasha na kuzima joto) na ile vali ya umeme inayofungua na kufunga maji. Mfumo una miaka mingi lakini haukuwahi kunisumbua.

Sasa tangu baridi ya mwaka huu ianze, usiku inapiga PAA! moja kubwa, alafu mbili ndogondogo zinafuatia. Si mlio wa kawaida wa bomba kupata moto, ule naujua. Huu ni kama mtu kachukua nyundo akagonga ukuta wa chumba cha mtoto. Ana miaka mitatu, anashtuka analia, na kumlaza tena ni saa nzima, alafu mlio mwingine huo hapo.

Nikaita fundi, akasikiliza dakika mbili akasema pampu imekufa, tukabadilisha pampu. Usiku uleule PAA kama kawaida, tena naona kama imezidi. Wa pili kaja anasema boila imezeeka ninunue nyingine. Mimi sitaki kubadilisha boila nzima alafu nikute kelele ipo palepale. Kuna mtu amekutana na hii kitu? Naanzia wapi?

Kibanda_cha_Zamani

Hiyo ni hewa mkuu. Hewa ikiingia kwenye mfumo inakaa sehemu za juu, maji yakipita yanaisukuma inagonga. Toa upepo kwenye redieta zote, anzia za chini malizia za juu, kile kifunguo kidogo kizungushe kidogo tu, sikiliza shiii mpaka maji yatoke mfululizo bila kutema, funga. Zima pampu kwanza usije ukavuta hewa badala ya kuitoa. Ukimaliza angalia presha maana itakuwa imeshuka, ongeza maji kidogo.

MwanaNyumba

Asante kaka. Hilo nimeshafanya mara mbili, na redieta moja ya juu kweli ilikuwa na hewa, ilikuwa baridi upande wa juu na ule mlio wa maji kububujika, sasa hivi ina moto yote. Mbububujiko umeisha ila PAA ipo.

Chuma_Moto

Pole sana kwa mtoto, kulala kwa kushtukashtuka kunaumiza nyumba nzima.

Mi yangu ilikuwa ukoko. Maji yenye chokaa yakipashwa miaka na miaka yanaacha ukoko ndani ya boila pale moto unapogusa, kama ule wa kwenye sufuria ya wali. Ukoko unazuia joto lisipite vizuri kwenda kwenye maji, kwahiyo chuma chini ya ukoko kinapata moto kupita kiasi, maji kidogo yaliyonasa pale yanachemka yanakuwa mvuke, mvuke unapanda unakutana na maji ya baridi zaidi unasinyaa kwa ghafla. Na mvuke ni mkubwa jamani, lita 1 ya maji ikigeuka mvuke kwa presha ya kawaida inakuwa zaidi ya lita 1,600, kwahiyo ukisinyaa pale pale maji yanakimbilia kujaza nafasi na ndo hapo panapopiga. Mlio wake ni kama birika linalokaribia kuchemka, linaguruma na kugonga ndi ndi ndi. Lilitoka tope jeusi na vipande vyeupe kama maganda ya yai walipokuja kusafisha mfumo kwa dawa. Baada ya hapo kimya.

Weka mkono (usiungue) au sikio karibu na boila wakati moto unawaka, kama kelele inatokea ndani ya boila lenyewe basi ni hiyo.

FundiTaratibu

MwanaNyumba pole, na wote mliojibu mmesema vitu vya kweli, hewa inaleta kelele na ukoko unaleta kelele. Ila kabla hujabadilisha kitu kingine chochote naomba ujibu swali moja ambalo fundi wako wa kwanza angekuuliza kabla ya kugusa pampu. Inagonga LINI?

Sina maana ya saa ngapi usiku. Nina maana mfumo unafanya nini sekunde ile. Mimi nimeshughulika na haya mabomba miaka mingi na nakwambia ukijua inagonga wakati gani wa mzunguko, nusu ya kazi imeisha kabla hujashika spana. Mlio unadanganya masikio, shaba inasafirisha sauti vizuri mno, kitu kinagonga kwenye kachumba chini wewe unaapa ni ukuta wa chumba cha mtoto. Lakini muda haudanganyi.

Ikigonga pale moto unapowaka tu, yaani termostati inaita, gesi inafunguka, alafu kunakuwa na mlipuko kama PUU ndani ya boila, hiyo naomba isikilizwe na kila anayesoma hapa. Hiyo ni gesi imejikusanya kabla ya kuwaka, kichomeo kichafu au mwasho umechelewa, ikiwaka inawaka yote kwa pamoja. Hapo hakuna cha kujaribu mwenyewe, zima boila, funga gesi, ita fundi wa gesi mwenye leseni, na hakikisha king'ora cha kaboni monoksaidi kinafanya kazi. Hiyo inaua watu.

Ikigonga dakika chache baada ya kuwaka, ikawa ni ti ti ti au ngo ngo ngo nyingi zinazopungua zenyewe, hayo ni mabomba yanarefuka. Ikigonga na kuguruma moto ukiwa umekolea, fikiria ukoko kama alivosema Chuma_Moto, au maji yanapita taratibu mno, au presha iko chini sana. Kwenye presha ya bar 1 ya geji maji yanachemka kama nyuzi 120, presha ikishuka mpaka sifuri yanachemka nyuzi 100, kwahiyo mfumo wenye presha ndogo unachemka kirahisi. Ikigonga baada ya moto kuzima na pampu nayo imezima kwa pamoja, maji yaliyobaki kwenye boila yanaendelea kupokea joto la chuma mpaka yanachemka, dawa yake ni pampu iendelee kuzunguka dakika kadhaa baada ya moto kuzima. Na ikigonga mara moja tu, kishindo kimoja kikubwa, pale zoni inapofunga, hapo tunaongelea vali.

Kwahiyo chukua daftari. Usiku mbili tu. Kaa kule kwenye kachumba kama unaweza, au mtu mmoja awe chini mwingine juu. Andika termostati ipi imewaka, ipi imezima, moto wa boila unawaka au la, pampu inazunguka au la, na geji inasoma ngapi ikiwa baridi na ikiwa moto. Na nikuulize, kuna kitu chochote kilifanywa kwenye mfumo kabla kelele haijaanza? Chochote kile, hata kidogo.

Dada_Zu

Hapo kwenye mabomba kurefuka niongezee maana nimeishi nayo. Kwangu ilikuwa ti ti ti ti kila asubuhi joto likianza, sio kubwa ila linakera, lilikuwa linatoka kwenye dari ya sebule. Tulifungua kipande cha ubao tukakuta bomba limepita kwenye tundu la boriti, na tundu limebana kabisa, na pale linapogusa mbao shaba imesuguliwa mpaka imeng'aa kama pete mpya wakati sehemu nyingine zote zimefubaa. Nilipoona ule mng'ao nikajua ndo hapo. Tukapanua tundu kidogo tukaweka kipande cha plastiki laini katikati ya bomba na mbao, ikaisha siku hiyohiyo.

Watu hawaamini bomba linaweza kurefuka lakini linarefuka, la mita 10 likitoka nyuzi 20 mpaka 80 linaongezeka kama sentimita 1. Sasa hiyo sentimita ikizuiwa na klipu iliyobana, bomba linajikusanya linajikusanya alafu linachomoka ghafla, ti! Ndo mlio huo.

Ila wa MwanaNyumba anavoeleza sio huu. Huu haushtui mtoto.

MwanaNyumba

Nimerudi. Samahani nimechelewa, nilitaka nifanye vizuri. Usiku wa kwanza nilikaa chini kwenye kachumba na blanketi na mume wangu akawa juu, tunatumiana ujumbe. Nanukuu daftari kama lilivyo:

Saa 4:10 usiku, juu imewaka. Boila imewaka kimya, hakuna mlipuko wowote. Baada ya dakika kama tano ti ti ti ndogo juu (Dada_Zu nimekuelewa sasa).
Saa 4:25 chini nayo imewaka.
Saa 4:38 juu imezima. Sekunde chache baadaye PAA! Chini bado inaendelea, moto unawaka, pampu inazunguka.
Saa 5:20 chini imezima. Kimya kabisa.
Saa 6:05 juu imewaka peke yake. Saa 6:31 imezima, imegonga lakini ndogo, kama mlango umesukumwa.
Saa 7:50 zote mbili zinawaka, saa 8:15 juu imezima, PAA kubwa, mtoto kaamka.

Usiku wa pili ni vilevile kabisa, sikuona tofauti. Chini ikizima haigongi hata mara moja.

Geji ikiwa baridi asubuhi inasoma bar 1. Ikiwa moto inapanda mpaka karibu 3 na ile vali ya usalama inadondosha maji, nimeweka ndoo chini yake. Hiyo ya kudondosha nilidhani ni kawaida, ina wiki kadhaa sasa, nikiona presha imeshuka naongeza maji.

Na swali lako la mwisho FundiTaratibu, ndiyo. Kabla ya baridi kuanza vali ya zoni ya juu ilikuwa inavuja kwenye maungio, fundi akaja akaitoa yote akaweka mpya. Sikuitaja mwanzo kwa sababu kuvuja kuliisha kabisa na mimi nilihesabu ile kazi ilifanyika vizuri.

FundiTaratibu

Daftari hili ni zuri kuliko maelezo ninayopewa na watu wengi walio kwenye hii kazi, asante sana dada na mwambie mumeo asante.

Tulisome pamoja. Boila ni moja, pampu ni moja, zoni zote mbili zinatumia hivohivo. Chini ikizima hakuna kelele. Basi boila haina kosa, pampu haina kosa, hata ya zamani iliyotolewa naona haikuwa na kosa. Na inapogonga saa 4:38 moto ulikuwa bado unawaka na maji yanazunguka, kwahiyo si maji kuchemka baada ya kuzima. Kilichobaki ni kile ambacho ni cha juu peke yake na kinachofanya kazi sekunde ile ya kuzima. Vali yake.

Alafu angalia kitu kizuri zaidi. Juu ikizima wakati chini bado inaendelea, PAA kubwa. Juu ikizima ikiwa peke yake, kishindo kidogo. Kwa nini? Kwa sababu ikiwa peke yake vali ikianza kufunga swichi yake inazima pampu, maji yanaanza kupungua spidi yenyewe, vali inapomaliza kufunga maji yameshachoka. Chini ikiwa inaendelea pampu haizimi, vali inafunga wakati maji yanasukumwa kwa nguvu zote. Spidi kubwa kishindo kikubwa, spidi ndogo kishindo kidogo. Haya ni maji yaliyopigwa breki ya ghafla, hakuna kingine.

Sasa nenda na tochi kwenye ile vali mpya. Kwenye mwili wake wa shaba kuna mshale umechongwa, au herufi zinazoonyesha upande wa kuingilia maji. Maji yanatoka boila kwenda redieta au yanarudi? Mshale unafuata njia hiyohiyo? Niambie.

Nakwambia kwa nini nauliza. Ndani ya vali nyingi za aina hii kuna kampira, mota inakafungua na springi inakarudisha kufunga. Ikifungwa upande sahihi, kampira kanaenda kuziba tundu huku maji yanakasukuma nyuma, springi inashindana na maji, kanakaa taratibu kama mtu anayefunga mlango upepo ukiwa unamsukuma. Ukigeuza vali, maji na springi vinakuwa upande mmoja. Kampira kakikaribia tundu maji yanakanyakua yanakabamiza. Mlango uliopigwa na upepo. Hapo ndo PAA, na zile mbili ndogo zinazofuatia ni mshindo unarudi na kwenda ndani ya bomba.

Usiifungue mwenyewe, ina umeme na ina maji moto. Lakini kuna majaribio mawili hayana hatari. La kwanza, shika bomba (kwa kitambaa) sentimita chache kutoka kwenye vali pale juu inapozima, utalisikia linaruka mkononi kabla hata sauti haijaisha. La pili, pampu mpya nyingi zina kitufe cha spidi 1, 2, 3. Iweke 1 usiku mmoja. Kama kelele inapungua sana bila kugusa kingine, hatuna tena cha kubishana.

Chuma_Moto

Nakubali, hii si ya ukoko. Ila ile geji inapanda mpaka 3 inanitia wasiwasi.

FundiTaratibu

Na mimi vilevile nilitaka kuifikia. Hiyo ni shida ya pili, inakaa nyumba moja na ya kwanza lakini si ndugu yake.

Maji yakitoka nyuzi 10 mpaka 80 yanaongezeka ujazo karibu asilimia 3. Mfumo wenye lita 100 unahitaji nafasi ya karibu lita 3 mpya. Nafasi hiyo inatolewa na tangi la upanuzi, kale katangi kenye utando wa mpira ndani, upande mmoja maji upande mwingine hewa. Mfumo ukiwa mzima geji inapanda kidogo tu joto likija, labda nusu bar. Ikipanda kutoka 1 mpaka 3, hakuna hewa ya kubonyea, na vali ya usalama inafunguka kwenye 3 kama ilivyoagizwa. Kwa hiyo kudondosha sio kawaida dada, inakwambia tangi limekufa. Na tafadhali usiizibe ile vali ya usalama wala usiweke kizibo kwenye bomba lake hata kama inalowesha sakafu. Hiyo ndiyo inayozuia boila kugeuka bomu.

Gonga tangi kwa kidole, upande wenye hewa unapaswa kulia wazi kama debe tupu na upande wa maji kulia mzito. Likilia zito lote, limejaa maji. Alafu kuna kinipo kama cha tairi la baiskeli, kibonyeze kidogo kwa ncha ya bisibisi. Ikitoka hewa kuna matumaini. Yakitoka maji, utando umepasuka, tangi jipya.

Na hilo zoezi la kuongeza maji kila wiki linaumiza. Kila maji mapya yanaleta oksijeni inayokula chuma na yanaleta chokaa mpya. Ukiendelea hivo miaka miwili utakuwa unamuuliza Chuma_Moto kuhusu ukoko kwa ukweli.

Mwalimu_Hesabu

Naomba niongeze kidogo upande wa fizikia maana hii ni mada nzuri sana na inafundishwa vibaya.

Mshindo huu ulipimwa vizuri na Mrusi Nikolai Joukowsky kwenye mabomba ya maji ya Moscow, na akaandika hesabu yake mwaka 1898. Alionyesha kwamba ukisimamisha maji ghafla, presha inayoruka ni uzito wa maji kwa ujazo, mara kasi ya wimbi ndani ya bomba, mara spidi ambayo maji yamepoteza. Kwenye bomba dogo la shaba wimbi linakwenda kama mita 1,250 kwa sekunde. Maji yakiwa yanatembea nusu mita tu kwa sekunde, ambayo ni kawaida kwenye mfumo wa nyumba, yakisimama ghafla presha inaruka kama bar 6 juu ya iliyokuwepo. Bomba lililozoea bar 1 na kitu linapigwa 6 kwa kufumba na kufumbua, lazima liruke kwenye klipu zake.

Neno ghafla lina kipimo chake pia. Kwenye bomba la mita 20, wimbi linakwenda na kurudi kwa kama sekunde 0.03. Vali ikichukua sekunde tano kufunga kwa usawa hakuna kishindo. Springi yenyewe inachukua sekunde kadhaa, ndiyo maana watu hawaishuku, lakini ile hatua ya mwisho ambayo kampira kananyakuliwa ni fupi mno. Kinachohesabika ni hatua ile. Kwahiyo nakubaliana na FundiTaratibu neno kwa neno.

Kibanda_cha_Zamani

Nimejifunza. Mi nilikuwa naweka kila kelele kwenye hewa. Swali, hii haiwezi kuwa mashine ya kufulia? Ile nayo inafunga maji ghafla, kwa jirani yetu ilikuwa inagonga hivohivo.

FundiTaratibu

Swali zuri na linachanganya wengi. Mashine ya kufulia na mabomba ya kuogea ni maji mengine, yanayotoka kwenye bomba kuu na kwenda kwenye koki, hayachanganyiki na yanayozunguka kwenye redieta. Kishindo chake ni cha asili ileile, ila kinatokea mashine inapokata maji au mtu anapofunga koki kwa haraka. Ukiwa na mashaka, zima mfumo wa joto kwa masaa mawili, tumia maji ya kawaida usikilize. Kwa huyu dada saa 8 usiku hakuna aliyekuwa anafua.

MwanaNyumba

Jamani. Nimefanya yote.

Pampu ilikuwa kwenye 3. Fundi aliyeiweka aliiacha hapo, ya zamani nadhani ilikuwa ndogo, labda ndiyo maana nilihisi imezidi baada ya kubadilisha. Nikaiweka 1. Usiku huo juu ikazima na chini inaendelea, nikasikia tup. Kama kitabu kimeanguka kwenye zulia. Mtoto hakuamka. Nilisimama pale kwenye kachumba nikashindwa kuongea.

Nikashika bomba kama ulivosema, linaruka kweli, kama linastuka.

Alafu tochi. Vali iko kwenye bomba la kwenda, maji yanatoka boila yanapanda juu. Mshale uko upande wa nyuma karibu na ukuta, ilibidi niweke kioo kidogo ndo niuone, na unaangalia boila. Uko kinyume. Ya zoni ya chini, ileile aina, iko sentimita thelathini pembeni yake na mshale wake unaangalia redieta.

Tangi nikaligonga, zito juu mpaka chini. Nikabonyeza kile kinipo, yametoka maji ya rangi ya chai usoni kwangu.

FundiTaratibu

Basi kazi imeisha, iliyobaki ni ya spana. Mwambie fundi ageuze ile vali, si lazima inunuliwe nyingine kama haijaharibika kwa kubamizwa, aangalie kampira kama hakajachanika. Aweke tangi jipya, na kabla halijafungwa apime hewa yake likiwa halina maji, ilingane na presha ya mfumo ukiwa baridi, kwako iwe bar 1. Ukilifunga na hewa ya kiwandani bila kupima unaweza ukarudi palepale. Akimaliza atoe upepo tena maana mfumo utakuwa umemwagwa kiasi.

Na asimame na wewe juu ikizima huku chini inaendelea, asikie kwa masikio yake kabla hajaondoka. Hilo ndo jaribio la kazi yake.

Dada_Zu

Nimefurahi mpaka basi. Mtoto alale sasa.

MwanaNyumba

Narudisha majibu maana najua kuna mtu atasoma hii akiwa na shida kama yangu.

Fundi amekuja leo asubuhi, mwingine wa tatu huyu, kijana mtulivu, nikamuonyesha daftari akalisoma lote kabla hajafungua begi. Vali imegeuzwa. Kampira kalikuwa kamekatika kidogo ukingoni, tumeweka kapya. Tangi jipya, kalipima na geji ya tairi mbele yangu. Sasa geji ikiwa baridi bar 1, ikiwa moto 1.4, ndoo nimeitoa. Tumesubiri pamoja mpaka juu ikazima na chini inawaka na pampu tumeirudisha 3 kwa makusudi. Nilishika bomba. Halikuruka. Kimya.

Zile ti ti ti za juu bado zipo joto likianza, Dada_Zu nitakuja kukuuliza ile plastiki laini ni unene gani. Na FundiTaratibu, pampu niiache spidi gani?

FundiTaratibu

Ndogo kuliko zote ambayo redieta ya mwisho kabisa bado inapata moto vizuri. Anza na 1, kaa nayo siku mbili za baridi kali, redieta ya mbali ikiwa vuguvugu panda 2. Kwenye mabomba madogo ya nyumba maji yakizidi kama mita 1.2 kwa sekunde yanaanza kulia yenyewe hata kama kila kitu kimefungwa sawa.

Dada_Zu

Milimita 3 inatosha, ila panua tundu la mbao kwanza, usiisukumize kwa nguvu itabana upya.